Saa Moja ya Daftari: Mwenye Biashara Ndogo na Utulivu wa Kazi Yake

Maandishi ya mada iliyoandaliwa kwa wafanyabiashara wadogo wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inajulikana na kila mfanyabiashara wa kaunti hii. Wengi wana daftari pia. Liko chini ya meza, karibu na kikokotoo na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Lakini ukilifungua daftari lenyewe, mara nyingi utakuta kurasa tatu zimeandikwa vizuri, ya nne ina mistari miwili, na baada ya hapo hakuna kitu. Mwenye duka si mvivu. Amefungua saa kumi na mbili asubuhi na atafunga saa tatu usiku. Tatizo ni kwamba kila anaposhika kalamu, kuna mtu anamwita.

Mada ya leo inahusu kuitwa huko. Inahusu namna mwenye biashara ndogo anavyokatizwa kazi yake kutwa nzima, hasara inayotokana na hali hiyo, na mambo anayoweza kufanya bila kumfukuza mteja na bila kumvunjia mtu heshima.

Mji wa njia panda

Voi ni mji wa wapitao. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa karne ya 19. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia likajengwa tawi la kwenda Taveta. Leo barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi inapita hapa, ya Mwatate na Taveta inachepuka hapa kuelekea mpaka wa Holili, na tangu mwaka wa 2017 treni ya abiria ya reli ya kisasa husimama hapa. Watalii wa Tsavo Mashariki huingilia lango lililo karibu na mji. Biashara ya Voi tangu zamani ni kumpokea anayesimama.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kumwambia mwenye duka afunge mlango ili apate utulivu haufai. Abiria wa basi ana dakika kumi tu. Dereva wa lori hangoji. Asipohudumiwa hapa atavuka barabara. Mteja ndiye riziki, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayemwita mteja usumbufu.

Lakini si kila anayeita ni mteja. Hapo ndipo mazungumzo haya yanapoanzia.

Magunia sitini ya simiti

Chukulia mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hadwea ya kawaida, mama mmoja na kijana wake wa kazi. Asubuhi anaandika bei za mwenye kandarasi anayetaka magunia 60 ya simiti. Ameanza kuandika. Kijana anauliza bei ya misumari ya inchi nne. Anajibu. Anarudi kwenye karatasi. Simu inalia, ni jamaa anayeuliza mipango ya harambee ya jumamosi. Anajibu. Anarudi. Jirani anataka chenji ya shilingi elfu moja. Anamhesabia. Anarudi, anamalizia karatasi, anamkabidhi mwenye kandarasi.

Jioni anagundua kwamba ameandika bei ya mwezi uliopita, ambayo ni pungufu kwa shilingi 40 kila gunia. Amepoteza shilingi 2,400. Ikiwa faida yake ya kawaida ni shilingi 50 kwa gunia, basi mauzo yale ambayo yangemletea shilingi 3,000 yamemletea shilingi 600. Ili afidie pengo hilo, itambidi auze magunia mengine 48 kwa bei sahihi.

Ukimuuliza siku ile ilikuwaje, atasema ilikuwa siku nzuri, watu walikuwa wengi. Hatasema alikatizwa mara tatu. Hasara ya aina hii haionekani kama wizi, wala kama moto, wala kama mafuriko. Hupita ikisalimia.

Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, katika uchunguzi wake wa mwaka wa 2016, lilikadiria kuwa Kenya ina biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo ni milioni 1.56 tu zilizokuwa na leseni. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika kipindi cha miaka mitano. Biashara hufungwa kwa sababu nyingi: mtaji, kodi ya nyumba, ugonjwa, ukame. Lakini mwenye biashara asiyepata nafasi ya kuketi na hesabu zake hujua amefika pabaya wakati hana tena la kufanya.

Akili ikishakatizwa

Watu wa vyuo wamelipima jambo hili. Mwaka wa 2008 mtafiti Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walichapisha matokeo ya kushangaza kidogo. Waliokatizwa kazini waliimaliza kazi yao haraka kuliko wasiokatizwa, lakini walikuwa na msongo mkubwa zaidi, walihisi wanakimbizwa na walitumia juhudi kubwa zaidi. Ndiyo sababu mwenye duka anaweza kumaliza kila kitu alichopanga na bado akafika nyumbani akiwa hana hata neno la kuwaambia watoto.

Mwaka wa 2014 Erik Altmann wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na wenzake walionyesha kwamba hata kukatizwa kwa muda wa sekunde tatu hivi kulitosha kuongeza makosa maradufu kwa mtu anayefanya kazi ya hatua kwa hatua. Sekunde tatu ni muda wa kuinua kichwa na kusema, "Karibu." Kuhesabu noti, kupima kitambaa na kuingiza nambari ya simu zote ni kazi za hatua kwa hatua.

Na kuna mahali ambapo kosa si la fedha tu. Katika hospitali mbili za Sydney, Australia, Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi wakitoa dawa, na mwaka wa 2010 wakaripoti kwamba kila kukatizwa kulikwenda pamoja na ongezeko la yapata asilimia 12 la makosa. Mwenye duka la dawa wa Voi au Taveta anayesemeshwa na watu watatu huku akihesabu vidonge vya mtoto anapaswa kulikumbuka jambo hili.

Kuhesabu wanaoita

Hatua ya kwanza haigharimu chochote. Kwa siku tatu za kawaida, mwenye biashara aweke karatasi mezani na kuchora kijistari kila anapokatizwa akiwa na kazi inayohitaji akili. Agawe karatasi katika safu tano: mteja anayenunua, mfanyakazi anayeuliza, simu na ujumbe, ndugu, rafiki na jirani, na wengineo, yaani waomba chenji, waulizaji njia, waweka mizigo na wachuuzi.

Asiseme ni wengi au ni wachache kabla hajaona karatasi. Wengi hudhani wateja ndio wanaowakatiza zaidi. Wakihesabu, huenda wakakuta safu ya mfanyakazi au ya simu ndiyo ndefu. Na kila safu ina dawa yake, kwa hiyo ni vyema kuijua kabla ya kuanza kutibu.

Mfanyakazi anayeuliza

Kijana wa duka akiuliza bei mara ishirini kwa siku, kosa si lake. Bei ziko katika kichwa cha mwenye duka, na kichwa hicho ni kimoja. Dawa yake ni kuandika bei. Bidhaa zinazoulizwa sana ziandikwe kwenye karatasi kubwa ukutani, upande wa ndani, na kurekebishwa kila mzigo mpya unapoingia. Yule mama wa hadwea angekuwa na karatasi hiyo, kijana asingemwuliza bei ya misumari, na yeye mwenyewe asingeandika bei ya zamani ya simiti.

Jambo la pili ni ruhusa. Mfanyakazi aambiwe wazi kiwango anachoweza kumpunguzia mteja bila kuuliza, na kiasi cha fedha ndogo anachoweza kutumia kwa mkokoteni au mifuko ya kufungia. Kikiwa kiwango ni shilingi 20 au shilingi 100, ni uamuzi wa mwenye mali. La muhimu ni kwamba kiwepo. Asiyemwamini mfanyakazi wake hata kwa shilingi 20 atakuwa mfanyakazi wa mfanyakazi wake.

Maswali mengine yasiyo ya haraka yangoje. Kijana ayaandike, na saa sita na saa kumi waketi dakika chache wayamalize kwa pamoja.

Simu

Tangu M-Pesa ianze mwezi wa Machi 2007, simu imekuwa sanduku la fedha la mfanyabiashara. Haiwezi kuzimwa. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayobeba kikundi cha ukoo, cha chama, cha kanisa au msikiti, cha wazazi wa shule na cha siasa za mtaa.

Aliye na uwezo atenganishe laini: moja ya biashara, moja ya nyumbani. Asiye na uwezo huo anyamazishe vikundi na kuacha sauti ya ujumbe wa malipo pekee. Simu nyingi sasa zina sehemu ya "Usinisumbue" inayoruhusu kuchagua wachache watakaosikika, kwa mfano shule ya mtoto na mgonjwa aliye nyumbani. WhatsApp ya biashara nayo inaweza kumjibu mteja yenyewe kwamba ujumbe wake umefika na atajibiwa saa fulani. Mteja anayejua atajibiwa saa nane hapigi simu mara sita.

Kwa wakala wa pesa, sheria iwe moja tu: nambari inapoingizwa, hakuna salamu. Mteja ataje nambari, wakala aiingize, airudie kwa sauti, athibitishe jina, ndipo abonyeze. Mwenye kutuma pesa kimakosa akumbuke kupeleka ujumbe ule wa M-Pesa kwenye nambari 456 mara moja kuomba zirudishwe. Lakini aliyepokea akiwa ameshazitoa, kuzipata tena ni safari ndefu. Na ieleweke kwamba matapeli wanaijua saa ya msongamano. Huja wawili, mmoja anauliza hili na lile, mwingine anaonyesha ujumbe wa uongo wa malipo. Utulivu wa wakala ni kufuli lake la kwanza.

Ndugu na jirani

Hapa ndipo pagumu. Katika milima ya Taita na nyanda za chini, mtu hapiti dukani kwa ndugu yake bila kuingia. Salamu si jambo la kukatwa. Mjomba aliyeshuka kutoka Wundanyi hawezi kuambiwa kwamba leo si siku ya wageni.

Lakini tofauti ni kubwa kati ya kumnyima mtu heshima na kumwomba subira. Mpwa aliye katikati ya hesabu anaweza kusimama, akamwamkia mkubwa wake ipasavyo, na kusema: "Shikamoo mjomba, karibu sana. Keti hapa, chai inakuja. Nimalize mistari hii mitatu nisije nikapoteza pesa ya watu, kisha nikusikilize vizuri." Hakuna mjomba atakayekasirika. Atakayekasirika zaidi ni yule anayesimulia habari za msiba huku mpwa wake anamwangalia kwa jicho moja na jingine liko kwenye kikokotoo.

Kiti kina kazi yake. Kiwekwe upande wa wateja, mbali kidogo na meza ya hesabu. Anayeketi mbali husubiri, na anayesimama juu ya daftari husoma.

Na mji huu tayari unajua kumngoja mfanyabiashara. Siku ya Ijumaa, maduka mengi ya Waislamu hufungwa kwa ajili ya swala, na wateja hurudi baadaye bila lawama. Jumamosi, Waadventista hawafungui, na wateja wao hununua Ijumaa. Hakuna anayesema wamewadharau watu. Saa inajulikana, sababu inajulikana, nayo huheshimiwa. Anayekata vito pia hasemeshwi wakati jiwe liko kwenye gurudumu. Katika kaunti inayochimbwa tsavorite, kito kilichopewa jina la Tsavo, kila mtu anaelewa kwamba jiwe likipasuka halirudi. Hesabu ya duka nayo ni jiwe la namna hiyo.

Saa moja ya daftari

Baada ya kupunguza miito isiyo ya lazima, mwenye biashara atenge saa moja. Saa nzima ikishindikana, iwe nusu saa, lakini iwe ile ile kila siku. Ile karatasi ya vijistari itamwonyesha ni lini wateja ni wachache. Kwa mwenye kibanda cha stendi huenda ni saa nane mchana, jua linapokuwa kali na abiria wako vivulini. Kwa fundi wa nguo huenda ni alfajiri kabla ya kufungua. Kwa anayeuza siku za soko Taveta, siku hizo zisiguswe kabisa. Daftari lingoje kesho yake asubuhi.

Katika saa hiyo afanye mambo manne, na asiongeze la tano. Aandike mauzo na matumizi ya jana. Aandike aliyekopa na aliyelipa. Aangalie mzigo uliopungua. Achague jambo moja la mbele la kufikiria: bei, mkopo, mfanyakazi, au makaratasi ya serikali. Leseni ya biashara ya kila mwaka na kodi ya mauzo iitwayo TOT, ambayo hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ni mambo yanayoumiza yakifanywa kwa pupa siku ya mwisho. Yakifanywa katika saa tulivu, huchukua dakika.

Watu waambiwe. Kibao kidogo kinatosha: "Saa nane hadi saa tisa: hesabu. Kwa kununua, muone kijana. Kwa mazungumzo, karibu saa tisa." Wiki ya kwanza watacheka. Wiki ya tatu watakuwa wanaambiana wao kwa wao.

Aliye peke yake

Wapo wasio na kijana wala mlango: mama mboga, mshona viatu, mwenye mashine ya kusaga. Hawa hawawezi kutenga saa katikati ya mchana. Wao watumie alama.

Kabla ya kuinua kichwa, amalize mstari alioanza. Ikishindikana, aweke alama mahali alipoishia: jiwe juu ya daftari, chaki kwenye kitambaa, kidole cha mshipi kwenye kipimo. Aliyekuwa akihesabu noti aandike alipofika au aanze upya. Asibahatishe kwamba zilikuwa kumi na saba. Madeni yaandikwe pale pale mteja akiwa bado amesimama, hata kwenye kipande cha katoni, na jioni yahamishiwe daftarini. Mtoto anayesoma anaweza kumsaidia mamaye kwa dakika kumi kila usiku, na hilo nalo ni somo la hesabu.

Mgawo wa wengine

Mwisho, mzigo huu si wa mwenye biashara peke yake. Mteja anayemwona wakala akiingiza nambari angoje sekunde chache. Jirani mwenye kuhitaji chenji kila siku aitafute asubuhi mapema. Jamaa wenye mambo ya mchango wapige simu jioni. Na maafisa wanaotembelea maduka kwa kazi halali, wakiweza kupanga ziara zao nje ya saa za msongamano, watawakuta watu wenye nafasi ya kuwasikiliza na makaratasi yaliyo tayari.

Utulivu haumfanyi mfanyabiashara kuwa tajiri. Simiti itaendelea kupanda bei, mvua itaendelea kukosa au kuzidi, na tembo hawatasoma kibao cha saa za hesabu kabla ya kuingia shambani. Lakini mwenye kujua anachodai, anachodaiwa na kilichobaki kwenye rafu anaweza kukutana na mwezi mbaya macho yakiwa wazi. Mwenye kuishi kwa kuitwa huitwa mpaka siku mwenye nyumba anapokuja kwa ajili ya kodi, na siku hiyo hana la kuangalia.

Kwa hiyo kila aliyehudhuria arudi na jambo moja tu: karatasi yenye safu tano, kwa siku tatu. Mengine yatafuata.